Mstari wa Wanaume

Leo nina walinzi wangu mwenyewe. Wanasimama kwenye makanisa, kwenye kumbi za harusi, kwenye maduka ya Johannesburg, Malvern mpaka Randburg, na kila mmoja amevaa buti nzuri, kwa sababu mimi najua miguu inavyouma ukisimama kutwa. Nina bakkie mbili, pikapu kama wanavyoziita huku, zote zina jina la kampuni yangu mlangoni. Ofisi yangu iko Jules Street, juu ya duka la magodoro. Shule niliachia darasa la nne huko kwetu Uvira, Kongo. Nasema haya mwanzoni ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa aina gani. Wapo wenye diploma wanaopanda zile ngazi kuja kuniomba kazi, nami nawapokea vizuri, nawapa chai.

Jambo la pili la kujua ni hili: nilipozaliwa walisema ni msichana. Nilivalishwa gauni, nikafundishwa kusonga ugali na kukaa miguu pamoja, na nilipofika Johannesburg nikiwa mtu mzima kila aliyekutana nami aliniita dada. Hawakuwa wabaya. Waliita walichokiona.

Kliniki wana jina refu la Kiingereza kwa hali niliyokuwa nayo. Mimi sikuwa na jina, nilikuwa na mazoea. Nilioga nikiangalia ukuta. Nilitembea nimekunja mabega kama mtu mwenye baridi, hata Januari jua linapochoma lami. Muuza duka akisema "mama, chenji yako", nilichelewa kugeuka, nikidhani kweli anamwita mtu aliye nyuma yangu. Siku za mwezi zikija nilijitwisha kazi za watu, nabeba, nafagia, naosha, mpaka mwili uchoke na kichwa kinyamaze. Wengine hulia, na mimi siwacheki. Mimi nilitafuta njia.

Njia ya kwanza ilikuwa nywele. Nilikuwa naishi na mama mdogo, mdogo wake mama yangu, kwenye chumba kilicho nyuma ya saluni yake. Ni msusi, na msusi hodari. Ubishi wangu na mikono yangu nimevitoa kwake. Pale Jules Street saluni za Wakongo zimepangana mlango kwa mlango, na kila msusi anahitaji kitu cha kumvuta mpita njia. Wengine wanabandika picha dirishani. Mama mdogo alisema picha ni uongo, mteja anataka kichwa chenye uhai. Kichwa hicho kilikuwa changu. Mtindo mpya ukitoka ananisuka mimi kwanza, halafu ananikalisha mlangoni Jumamosi nzima, wanawake wananizunguka, wanashika, wanavuta, wanauliza inachukua saa ngapi. Nilikaa pale na misuko mpaka kiunoni nikijihisi kama kiti kilichotandikwa kitambaa cha watu wengine.

Kwa hiyo kukata nywele, hatua ambayo kwa mwingine ni nyepesi kuliko zote, kwangu ilikuwa kumfungia mtu biashara. Nilienda Jumatatu, wakati saluni nyingi zimelala. Kinyozi alikuwa Mrundi mwenye kibanda karibu na robot, zile taa za magari za kwenye kona. Nikakaa, nikamwambia akate zote.

"Zote zipi, dada?"

"Zilizo kichwani."

"Mume wako anajua?"

"Sina mume."

"Basi mama yako mdogo anajua? Maana yule mama ananijua mimi. Ananijua mpaka nyumbani."

"Wewe kata. Nitasema nimejikata mwenyewe."

"Na mchongo wa kisogoni utasema umeuchonga kwa kijiko?"

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Akafumua, akakata, akawasha mashine. Katikati ya kazi akanishika kidevu kunigeuza upande, akasema, "Kaa sawa, kaka," halafu akashtuka. "Samahani, dada. Mazoea." Nikamwambia aendelee na mazoea yake.

Mama mdogo aliponiona alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Umeniua! Weye mtoto, umeniua mchana kweupe! Jumamosi wateja wataona nini?"

"Wataona kazi ya kinyozi."

"Mungu wangu! Sasa ananitangazia kinyozi mlangoni kwangu!"

Alinuna muda mrefu, akamchukua msichana wa kanisani awe kichwa chake. Habari za dhambi nilizisikia kwa watu wengine, nyingi tu. Kwake sijazisikia mpaka leo. Yeye aliongea biashara, na biashara mimi naielewa.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi ya ulinzi Randburg, kwenye ghala la nguo na viatu. Wafanyakazi wakimaliza zamu wanatoka kwa geti moja, na kabla ya kutoka lazima wapekuliwe. Mistari ni miwili. Mlinzi mwanamke anapekua wanawake, mlinzi mwanaume anapekua wanaume. Ni utaratibu wa kazi, na ni utaratibu mzuri. Hata kwenye kampuni yangu sikubali uvunjwe. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya mstari wa wanawake. Kwenye zamu ile walihitaji mlinzi mwanamke mmoja tu, na huyo nilikuwa mimi. Mkate wangu wote ulikuwa hapo. Nikitoka kwenye mstari ule, hawakuwa na sababu ya kunilipa.

Nilikuwa mpekuzi hodari, niseme ukweli. Mama mmoja alikuja amevaa soksi mpya jozi juu ya jozi, mguu umevimba kama wa mgonjwa. Nilimnong'oneza arudi chooni akapunguze baridi. Akarudi mguu umepona, na tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu soksi. Walinipenda wale kina mama. "Wewe mikono yako ni friji," walikuwa wananiambia kwa Kizulu chao, nami nawajibu kwa Kizulu changu kibovu kwamba wenye mikono ya moto wako mstari wa pili, wakajaribu bahati huko. Wanacheka, wanapita. Mimi nilipekua kwa mgongo wa kiganja kama tulivyofundishwa, macho kwenye ukuta, nikihesabu matofali.

Kifua ndicho kilichonisumbua kuliko vyote. Kwanza nilijifunga bandeji ya duka la dawa, ile ya goti. Ni kosa, na nalisema kwa ajili ya atakayesoma hapa akiwa na wazo hilo hilo. Siku moja mwizi aliruka ua wa ghala, nikamkimbiza, kabla sijafika kwenye kona pumzi ikakata, nikapiga magoti kwenye changarawe. Wenzangu walidhani nina pumu. Mbavu ziliniuma mpaka nikawa nalala nimekaa. Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja wa Bukavu, anashona suti pale Malvern, nikamwambia nataka fulana ya kubana, ya kitambaa cha nguo za kuogelea, yenye bitana mbele, kwa sababu mgongo unaniuma.

Akanipima. Akaangalia futi yake, akaniangalia mimi.

"Mgongo wako uko mbele?"

"Shona tu, papa."

Akashona. Ikabana bila kuua. Nikawa navaa kazini, nikirudi navua, na kwa mara ya kwanza shati la sare lilishuka mbele likiwa limenyooka. Nilijiangalia kwenye kioo cha choo cha ghala muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa mlinzi kuwa chooni.

Lakini iliyonilea hasa ni redio, ile redio ya mkononi ya kazini. Kwenye redio hakuna anayekuona. Nilianza kushusha sauti kidogo kidogo, kama watu wanavyoshusha kabati kwenye ngazi, nikikwama napumzika. Akaja msimamizi mpya, kijana wa Limpopo, anakaa chumba cha kamera kwenye jengo lingine na alikuwa bado hajafika getini kwetu. Akaanza kunijibu "sharp, bra." Sharp ni sawa, na bra ni kaka kwa lugha ya mtaani huku, wanamwita hivyo hata muuza mahindi. Mimi nikawa naripoti vitu visivyo na maana ili tu nilisikie neno hilo. Geti limefungwa. Lori limeingia. Paka amepita.

"Paka amepita, nimekupata. Sharp, bra."

Sikujua kama ananicheka au ndivyo alivyo. Ilinitosha.

Kliniki nilienda baada ya hapo. Ni ya serikali, mjini. Hawakulipishi, unalipa kwa miguu, kwenye foleni. Nilimwambia nesi kwa Kiingereza changu cha getini: mimi ni mwanaume, mwili ndio haujui. Alikuwa mama mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua. Hakushangaa, na hilo lilinikera kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akaniuliza ninaishi na nani, kuna anayenipiga, ninakunywa pombe. Akauliza kama nimewahi kufikiria kujiumiza. Nikasema hapana. Akauliza tena vile vile, sauti ile ile. Nikasema zamani. Akavuta kiti chake karibu, akaniambia bandeji nisirudie tena, akanipangia siku ya kuongea na mshauri, na siku ya kupimwa damu, na siku nyingine, na nyingine. Nilikwenda zote. Nawajua walionunua dawa za mitaani kwa kukosa subira. Mmoja nilimtembelea wodini. Mimi nilisubiri, na nilipochomwa sindano ya kwanza ya homoni nilirudi kazini mchana ule ule.

Haikufanya muujiza. Nilipata chunusi za mtoto wa shule kwenye uso wa mtu mzima. Sauti ikakwaruza, mama mdogo akanichemshia tangawizi kila jioni akidhani ni mafua yasiyopona. Nywele zikaanza kuota kwenye kidevu, chache, kama majani ya baada ya moto. Siku za mwezi zikakoma. Sikufanya sherehe, nilinunua kuku mzima wa kuchoma nikamla peke yangu.

Kule ghalani hakuna aliyesema kitu, maana wale kina mama waliniona kila siku, na mtu unayemwona kila siku habadiliki. Ndipo akaja msichana mpya wa kupakia viatu. Jioni ya kwanza akafika kwangu kwenye mstari, mimi nikanyoosha mikono kumpekua, yeye akarudi nyuma akamkanyaga aliyemfuata.

"Hapana. Huyu hanigusi. Nataka mwanamke."

Nyuma yake wakaangua kicheko. "Huyo ni dada! Nyanyua mikono twende, teksi zinajaa."

"Dada gani mwenye ndevu?"

"Ndevu gani? Hizo chunusi."

"Mimi naona mwanaume. Sinyanyui mikono."

Alikuwa mdogo, na alisimama pale peke yake, wote wakimzomea. Katika mstari mzima yeye ndiye pekee ambaye hakunijua zamani, kwa hiyo aliona kilichokuwepo.

Mwenzangu wa mstari wa wanaume akaona zogo, akaripoti. Redio zetu zote ziko kwenye njia moja. Akiongea mmoja wanasikia wote, wa maegesho, wa malori, wa kamera. Msimamizi akauliza, sauti safi kabisa:

"Geti, nina lalamiko hapa. Mwanaume yuko kwenye mstari wa wanawake. Ni nani? Thibitisha."

Jibu la kuokoa kazi lilikuwa fupi. Hakuna mwanaume, ni mimi, mwanamke wa zamu. Ningesema hivyo na mambo yangeisha. Yule msichana angelazimishwa kunyanyua mikono, nami ningempekua akiwa ameshasema hapana, na kesho yake tungeendelea. Ulimi wangu uliyajua maneno hayo, ulikuwa umeyasema maisha yote. Nilimwangalia msichana. Nikabonyeza kitufe.

"Lalamiko ni la kweli. Mwanaume ni mimi. Natoka kwenye mstari."

Kisha mtu wa maegesho akasema, "Eish."

Mstari ukasimama. Hakukuwa na mlinzi mwingine wa kike, na bila kupekuliwa hakuna anayetoka. Jua linashuka, teksi zinaondoka, kina mama wameanza kupiga makofi ya hasira. Mkubwa wao, yule wa soksi, akanijia pale ukutani nilipojisimamisha.

"Mwanangu, mambo yako hatukukatazi. Ila ungengoja tupite kwanza!"

Mwisho walimleta karani wa kike wa ofisini, mwenye kucha ndefu, akawa anawagusa kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Ghala lingeweza kutoka lote na viatu siku ile.

Asubuhi nikaitwa ofisini. Msimamizi nilimwona uso kwa uso kwa mara ya kwanza, kijana mwembamba, shati limempwaya.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Sikiliza. Nilipewa mlinzi mwanamke. Mlinzi mwanamke amejitangaza mwanaume kwenye redio ya kampuni, watu wote wanasikia. Sasa mimi nifanye nini na wewe?"

"Niweke mstari wa wanaume."

"Na wanaume wakikataa?"

"Waulize."

"Siwezi kuwauliza wanaume wa ghala zima kitu kama hicho."

"Basi usiwaulize. Wanawake hamkuwauliza, mliniweka tu."

Akasugua macho. Akasema nafasi yangu itachukuliwa na mwanamke kuanzia siku ile, hilo halina mjadala. Mimi atanitupa maegesho kwa nusu ya zamu nilizokuwa nazo, mpaka ajue la kufanya. Lalamiko moja tu likija, mimi nyumbani. Mstari wa wanaume akasema atafikiria, kwa namna ambayo watu husema wakiwa hawatafikiria.

Nikaenda maegesho. Ilikuwa Julai, na Julai ya Johannesburg asubuhi baridi inakata masikio. Nilivaa fulana ya fundi, shati, sweta la mama mdogo na koti la sare juu. Siku ambazo sikuwa na zamu nilikaa chumbani. Jioni moja mama mdogo aliingia, akaweka sahani ya maharage mbele yangu, akakaa kitandani.

"Nasikia umepoteza kazi kwa mdomo."

"Nusu."

"Nusu ya mdomo?"

"Nusu ya kazi."

Akatafakari hilo. "Yule msichana wa kanisani kichwa chake ni kidogo. Mitindo mikubwa haikai."

"Mama mdogo, mimi mlangoni sirudi."

"Nani kakuomba? Nasema tu kichwa ni kidogo. Kula, papa."

Papa ndivyo tunavyowaita watoto wa kiume kwetu, na wababa vile vile. Alilisema akiangalia sahani. Nikala.

Maegesho ndiko nilikojifunza biashara, na hilo natamba nalo popote. Mtu wa geti anaona watu wanaotoka. Mtu wa maegesho anaona watu wenye magari. Mchungaji mmoja aliyekuja kununua viatu vya jumla aliniuliza nani angeweza kuangalia magari ya waumini Jumapili. Nikasema mimi. Akauliza na nani. Nikasema na watu wangu, wakati sikuwa na watu. Jumapili nilikuja na wawili. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na atakayesema nilisaidiwa na mtu aje aseme mbele yangu.

Lakini wakati huo nilichokitaka kilikuwa kingine. Nilitaka mstari. Kila jioni nikiwa kule kwenye magari niliwaona wanaume wa ghala wakijipanga, na mwenzangu akiwapekua, na nilijua kwamba mimi nimesimama pale kwa sababu sina pa kuwekwa. Mtu unaweza kumwita bra kwenye redio bila hasara. Kumnyanyulia mikono akuguse mfukoni ni kitu kingine.

Majira ya mvua yalipoanza mwenzangu alifiwa na baba, akasafiri kuzika. Saa ya kutoka ikafika. Niliona mistari imejipanga, ule wa wanawake unasonga, ule wa wanaume umesimama, watu wanapiga miluzi. Redio ikakwaruza.

"Maegesho."

"Nimekupata."

Nikasikia anapumua.

"Nenda geti. Chukua wanaume."

Nilitembea, sikukimbia. Kutoka maegesho mpaka getini ni mwendo mfupi, na wote waliniona nikija, na najua wote walikuwa wamesikia habari zangu, maana ghala ni kijiji. Miluzi ikakoma. Nikasimama mahali pa mpekuzi, nikakunja mikono ya shati.

Wa kwanza alikuwa dereva wa ile mashine ya kunyanyua mizigo, mtu mkubwa, shingo kama gogo. Tangu habari yangu ienee alikuwa akipita karibu nami maegesho bila salamu. Alikuwa kwenye simu, akibishana na fundi wake kuhusu gia ya gari. Akafika mbele yangu. Akabana simu kwa bega, akanyanyua mikono.

Nikampekua mifuko ya koti, kiuno, mgongo, miguu mpaka kwenye buti. "Hapana, hapana," alikuwa anamwambia fundi, "ya tatu inaingia, ya nne ndiyo inakataa." Akageuka mwenyewe bila kuambiwa. Akanyanyua mguu mmoja, akanyanyua wa pili. "Basi fungua uangalie, mimi nitajuaje?" Akapita, akatoka nje, sauti yake ikaendelea kusikika barabarani.

Wa pili alikuwa ameshanyanyua mikono.